Kumuuguza Asiyetarajiwa Kupona

Wasomaji wa ukurasa huu mmezowea kunikuta nikizungumza habari za mashairi, za maulidi, za milango ya nakshi na za maneno ya Kiswahili yanayopotea. Leo naomba mniwie radhi, kwani nimekuja na habari za chumbani kwa mgonjwa. Lakini kuuguza nako ni utamaduni, tena mkubwa. Kila watu wana namna yao ya kumlaza mgonjwa, kumjulia hali, kumwambia au kumficha ugonjwa wake, na sisi watu wa mwambao tunazo zetu. Nyingi ni njema mno. Chache, kwa mawazo yangu, zimewaumiza wagonjwa wetu bila ya sisi kukusudia, na ndizo zilizonishikisha kalamu.

Mamangu mzazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki mwaka wa 1988 kwa saratani ya ziwa. Mimi kitindamimba wake nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Nyumbani kwetu neno saratani halikutajwa. Palisemwa "kidonda cha mama", na hata yeye mwenyewe alikiita hivyo, ingawa nina yakini kuwa alijua. Alilazwa hospitali majuma mawili, kisha daktari akamwita baba pembeni akamwambia: "Hakuna la kufanya. Mrudisheni nyumbani." Tukamrudisha kwa teksi, na mfuko wa karatasi wenye aspirini.

Aliishi miezi minne baada ya hapo. Kidonda kilipasuka, kikawa chatoa maji, na maji yale yana harufu ambayo aliyeinusa hahitaji kuelezwa, na asiyeinusa hataielewa. Dada zangu walifukiza udi mchana na usiku, udi ule ule wa arusini na wa siku ya Idi, hata mpaka leo nikiingia arusini nikanusa chetezo hukumbuka chumba kile. Wanawake wa mtaani waliokuja kumjulia hali walikaa dakika tano, nyuso zimeelekea dirishani. Mama akaona. Akaanza kukataa wajukuu wasiletwe, na kwa mtu aliyelea watoto wa mtaa mzima hiyo ilikuwa adhabu kuliko kidonda chenyewe. Usiku tulikuwa tukimsikia. Hakupiga kelele, alikuwa akiuma pindo la leso, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu anayevuta kitu kizito. Wazee wakamhimiza asubiri, wakamkumbusha Nabii Ayubu alivyosubiri. Naye akasubiri mpaka alipokufa, mwezi wa Rajabu.

Sina neno na Nabii Ayubu, alayhi salaam. Lakini nimeishi miaka mingi nikijiuliza kama subira ile ilikuwa ya mamangu, au tulimvalisha sisi tusiokuwa na la kumpa. Isitoshe, Ayubu mwenyewe aliomba aondolewe dhara iliyompata, na akaondolewa. Hilo husahauliwa mara nyingi katika mawaidha ya kando ya kitanda.

Mwaka wa 2018 zamu ilimfikia kaka yangu mkubwa, mshona kofia, mtu wa Mji wa Kale hapa Mombasa, umri wake miaka sabini. Yeye saratani yake ilikuwa ya tezi dume, na ilipogunduliwa ilikwisha kuingia mifupani, mgongoni na nyongani. Hospitali moja ya kulipia ilimchoma sindano siku kumi, ikatuandikia hesabu ambayo hadi leo sijaimaliza, kisha nikasikia maneno yale yale ya 1988: hakuna la kufanya, mrudisheni nyumbani. Nilitoka pale miguu haina nguvu. Nilijiona nimerudi kuwa yule kijana, na aspirini mkononi.

Aliyetunusuru ni jirani, mama wa makamo ambaye mumewe alikuwa ameuguzwa na watu wa hospisi. Akaniambia: "Kaka, wako watu ambao kazi yao huanza pale daktari anaposema amemaliza. Waite." Tukawaita. Siku ya tatu akaja muuguzi, binti wa miaka thelathini hivi, akavua viatu mlangoni, akamwamkia kaka shikamoo, na badala ya kufungua mkoba akaketi mkekani na kuuliza: "Baba, hayo maumivu yakoje?"

Swali hili, wasomaji wangu, katika hospitali zote tulizopita hakuna aliyeliuliza. Kila daktari aliandika neno moja tu, maumivu, kama kwamba maumivu ni kitu kimoja. Kaka alimtazama yule binti, kisha akamwambia kwa Kimvita chake: "Mwanangu, nyonga yaniwanga kutwa kucha. Mgongo hunikata nikigeuka. Na mguu huu wanichoma, kana kwamba watiwa pilipili."

Yule muuguzi akaandika yote matatu. Kisha akatueleza jambo ambalo mimi, niliyekula chumvi nyingi katika kazi ya maneno, sikuwa nimelifikiria. Alisema hilo la kuwanga ni la mfupa, na hilo la kukata mtu anapojigeuza pia ni la mfupa, lakini hilo la kuchoma si la mfupa. Ni mshipa wa fahamu unaobanwa, na dawa yake ni nyingine. Kwa mshipa wa fahamu hutumiwa, mathalan, amitriptilini, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya wenye huzuni nyingi, lakini kwa kipimo kidogo usiku hutuliza kuchoma kwa namna hiyo.

Nilikaa usiku ule nikiyahesabu maneno tuliyonayo. Kuna kuuma, kuwanga, kukata, kuchoma, kupwita, kufukuta, kukereketa, kuwasha, kunyonga na kusokota kwa tumbo, na kichomi cha mbavuni. Bibi zetu hawakuyatunga kwa ajili ya mashairi. Yalikuwa vipimo. Nayo si sisi peke yetu: Ibn Sina, yule tabibu mkubwa aliyefariki mwaka wa 1037, katika kitabu chake cha Qanuni alipambanua aina kumi na tano za maumivu, kila moja na jina lake. Leo kijana wa Pwani akiulizwa na daktari husema "nasikia uchungu" basi, na daktari huandika "uchungu", na mgonjwa hupewa kidonge cha kichwa.

Halafu yule muuguzi akamfundisha kaka kuhesabu kwa mkono. Ngumi maana yake hapana maumivu. Kidole kimoja ni kidogo. Vitano ni maumivu yasiyostahimilika. "Leo ni vingapi, baba?" Kaka akanyanyua mikono yote miwili, vidole kumi. Wote tukacheka, naye pia, akacheka akilia.

Sasa nifike kwenye dawa yenyewe. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa mwaka wa 1986 mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani, ambao wenyewe waliufananisha na ngazi yenye vipago vitatu. Cha chini ni dawa za kawaida, kama aspirini na paracetamol. Cha kati ni kodeini na zilizo kama hiyo. Cha juu ni mofini. Mgonjwa hupandishwa kwa kadiri ya maumivu yake, si kwa kadiri ya siku alizobakiza. Na dawa hutolewa kwa mdomo, inapowezekana, na kwa saa, si kwa kusubiri mtu alie. Mofini ya maji hudumu mwilini kama saa nne, kwa hiyo hunywewa kila baada ya saa nne, na cha usiku hufanywa maradufu ili mgonjwa na mwuguzaji wapate kulala. Ukingoja maumivu yarudi ndipo utoe dawa, utakuwa ukimkimbiza mwizi aliyekwisha kuvuka mtaa.

Mofini! Nilipolisikia jina hilo moyo uliniruka. Hutoka kwenye afyuni, utomvu wa mpopi, ambao sisi tuliuita kasumba kabla neno hilo halijahamia kwenye mawazo ya wakoloni. Afyuni imo katika vitabu vya matabibu wa Kiislamu tangu zama za akina Ibn Sina, waliyeijua nguvu yake ya kutia ganzi na waliyeihofia pia. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani mmoja wa duka la dawa, Friedrich Sertürner, aliuchuja utomvu ule akapata kiini chake, akakiita kwa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani wa kale. Na kutokana na mofini hiyo hiyo ndipo ilipotengenezwa heroini, ambayo kampuni ya Bayer ilianza kuiuza mwaka wa 1898, tena kama dawa ya kikohozi.

Hapo ndipo palipo na mfupa wa koo. Sisi wa Pwani heroini hatuijui kwa kitabu. Tunaijua kwa jina la unga, na tunaijua kwa majina ya watoto wetu. Hakuna mtaa Mombasa, Malindi au Lamu usiozika kijana kwa ajili yake. Na katika nyumba ya kaka yangu, mwanawe wa tatu alikuwa miongoni mwao. Ameniruhusu niyaandike haya bila jina lake. Wakati ule alikuwa amejiandikisha kwenye kliniki ya methadoni, dawa ambayo serikali ilianza kuitoa Pwani mwaka wa 2015, ikianzia Malindi, na ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya macho ya muuguzi. Methadoni nayo, niligundua baadaye, ni ndugu wa ukoo ule ule, na madaktari huitumia hata kwa maumivu.

Basi fikirini mkutano wa jamaa uliokaa ukumbini jioni ile. Shemeji yangu alisema waziwazi: "Mimi nimezipigana vita na kitu hiki miaka kumi na miwili, leo mwaniambia nikiingize nyumbani kwa mkono wangu?" Dada yetu akasema mofini ndiyo sindano ya mwisho, mtu akipewa haamki. Binamu mmoja, ambaye hakuwa amelala hata usiku mmoja na mgonjwa, akasema kaka atakufa mlevi na hatatamka shahada. Neno hili la mwisho liliwanyamazisha wote. Ni neno zito kwa Mwislamu, nalo lilinifanya nivae kofia niende msikitini kabla ya laasiri kumtafuta sheikh wetu.

Sheikh alinisikiliza hadi mwisho. Hakukimbilia kujibu. Aliniuliza kwanza: huyo mgonjwa kwa sasa, bila ya dawa, huzijua nyakati za sala? Nikamjibu kwamba tangu majuma mawili hazijui, maumivu yamemshinda. Juzi alianza alhamdu mara tatu akaikatisha. Akauliza: na dawa hiyo yaondoa akili? Nikampa aliyosema muuguzi, kwamba siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa husinzia, kisha mwili huzowea na akili hurudi. Akasema: "Basi ni kipi kilichomlevya, ndugu yangu?" Akanikumbusha kuwa wanavyuoni wetu wa Kishafi wamelijadili tangu zamani suala la mtu anayelazimika kukatwa kiungo kilichooza, na wakaruhusu apewe kitu cha kumwondolea hisia, kwa ajili ya haja. Pombe ni ya kutafuta raha, na hii ni ya kuondoa dhara. Akasema pia kuwa mgonjwa akisinzia sala ikampita, ataikidhi, na asiyeweza kusimama aketi, asiyeweza kuketi alale kwa ubavu, asiyeweza hilo aashirie kwa macho. Hayo tuliyasoma sote chuoni tukiwa watoto. Tumeyasahau vipi tunapoyahitaji?

Akaniambia na jambo moja ambalo silisahau. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika ugonjwa wake wa mwisho aliomba ruhusa kwa wake zake auguzwe katika nyumba ya Bibi Aisha, na homa ilipompanda aliagiza amwagiwe maji. Hakuona haya kutaka mahali atakapostarehe, wala kutaka kupunguziwa.

Nilirudi nikawaeleza. Binamu hakuridhika, lakini aliondoka. Shemeji alikubali kwa sharti lake: chupa ikae ndani ya sanduku la mvule lenye kufuli, ufunguo ukae kwenye pindo la leso yake, na kila akimimina atie alama ya kalamu kwenye karatasi aliyoibandika ubavuni mwa chupa. Yule muuguzi alipoliona sanduku alifurahi. Alisema hospitalini nako huwekwa hivyo hivyo, chini ya kufuli na kwa daftari.

Dawa yenyewe ilikuwa maji ndani ya chupa ya plastiki, machungu kama mwarobaini. Kaka alianza na kipimo kidogo cha miligramu 5. Siku ya kwanza alilala sana, nasi tulikuwa tukimwekea mkono puani kuhakikisha anapumua. Siku ya pili alitapika mara moja. Siku ya nne, alfajiri, alimwita mkewe akataka maji ya udhu, akasali ameketi juu ya kiti, rakaa mbili, mpaka mwisho. Kisha akanyosha mkono: vidole viwili.

Lazima niseme na la upande wa pili, kwani dawa isiyokuwa na kero haipo. Mofini hufunga choo, na hili halizoeleki. Mgonjwa asipopewa dawa ya kulainisha tangu siku ya kwanza atapata mateso mengine. Muuguzi alipotaja dawa anayotaka tununue, shemeji alicheka, kwani ilikuwa ni sanamaki, ile ile ambayo kila bibi wa Pwani anayo kabatini. Pia mtu haachi mofini ghafla baada ya kuizowea. Hupunguzwa kidogo kidogo. Ama hofu ya kuwa mgonjwa wa saratani atageuka mraibu, madaktari wa fani hii wanasema ni jambo la nadra, kwani anayeinywa kwa maumivu haitafuti raha, na maumivu yakipungua kwa njia nyingine, kama vile kwa kupigwa mionzi ya mifupa, huweza kupunguziwa. Wala haimfupishii mtu siku zake ikipimwa sawasawa. Kwa kaka, kipimo kilipandishwa mara tatu katika miezi mitatu, kila mara kwa kadiri ya vidole.

Ramadhani iliingia katikati ya mwezi wa Mei. Kaka alitaka kufunga. Dawa ya kila saa nne na saumu haviendi pamoja, na hakutaka kusikia. Ilibidi sheikh mwenyewe aje, akamwambia kuwa kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona ni fidya, kibaba cha chakula kwa kila siku. Kaka akataka kibaba hicho akipime yeye mwenyewe kwa mkono wake, kila jioni, apelekewe mzee mmoja wa mtaa wa pili. Hivyo ndivyo alivyofunga Ramadhani yake.

Mnaweza kuuliza mambo haya yalianzia wapi. Katika Uingereza palikuwa na mwanamke, Cicely Saunders, aliyeanza kuwa muuguzi, kisha afisa wa ustawi wa jamii hospitalini, na hatimaye akasomea udaktari akiwa mtu mzima, kwa sababu aliona wanaokufa wanaachwa. Mwaka wa 1967 alifungua London nyumba ya St Christopher's, nayo ndiyo iliyokuwa mama wa hospisi za zama hizi. Yeye alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa si ya mwili peke yake: kuna ya moyo, kuna ya watu wake na madeni yake, na kuna ya roho yake mbele ya Mola wake, na yote hayo huumana pamoja.

Hapa kwetu, hospisi ya Nairobi ilianza mwaka wa 1990. Miaka miwili baada ya mamangu. Daktari wake wa kwanza, Anne Merriman, alitoka Singapore na ujuzi wa kutengeneza mofini ya maji kutokana na unga wake, kitu rahisi na cha bei nafuu, na mwaka wa 1993 akaenda Kampala akaanzisha Hospice Africa Uganda. Waganda wakatutangulia: mwaka wa 2004 walibadili sheria yao ili wauguzi na matabibu waliofunzwa hasa kazi hii waweze kuandika mofini, kwani kungoja daktari vijijini ni kungoja mvua ya kiangazi. Sisi, hata mwaka wa 2010, shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilipochunguza, lilikuta mofini ya kunywa katika hospitali saba tu za serikali kati ya kama 250. Mambo yamesogea tangu hapo, na Mombasa nako pana Coast Hospice, lakini waulizeni wa Tana River au wa visiwani ni safari ya siku ngapi mpaka kwenye chupa.

Na si Kenya peke yake. Tume ya madaktari na wataalamu iliyoandika katika jarida la Lancet mwaka wa 2017 ilihesabu dawa zote za jamii ya mofini zilizogawiwa duniani kwa mwaka: tani 298.5. Nchi maskini kabisa zilipata sehemu moja ya kumi ya tani moja. Yaani kilo 100, magunia mawili ya mchele.

Wenzetu wa Tanzania huduma hii wameiita tiba shufaa. Sikio la mtu wa chuoni hushtuka kidogo, kwani shifaa ndiyo kupona, na shufaa ni kuombewa, ni mtu kukusimamia mbele ya hukumu. Mwanzoni nilidhani waliokoseya ni wapiga chapa. Sasa naliona neno limekaa mahali pake. Waingereza wao neno lao hutokana na vazi la Kirumi, kitu kama joho, la kumfunika mtu. Mnaotunga, chagueni.

Kuna siku nilimwuliza yule muuguzi kuhusu kidonda cha mamangu. Nilimweleza harufu na udi. Akafikiri kidogo, akasema, kwa upole, kuwa kidonda kama hicho huoshwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kisha husagwa vidonge vya metronidazoli, ambavyo watu huvijua zaidi kwa tumbo la kuhara, vikanyunyizwa juu yake. Vidonge hivyo huua vijidudu vinavyoleta harufu, na kwa siku chache harufu huisha. "Ni vidonge vya bei ndogo, ami," akasema. Vilikuwako mwaka wa 1988. Tulikuwa navyo nyumbani. Nikamwomba udhuru, nikatoka nikakaa barazani mpaka magharibi.

Kumwambia mgonjwa ugonjwa wake ni jambo ambalo bado jamaa zangu hawajakubaliana nami, nami sitalirefusha. Kaka aliuliza, naye akaambiwa. Siku tatu hakusema na mtu. Ya nne akamwita karani wa kuandika wasia, akawaita watu wawili aliokuwa na deni lao, na mmoja ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimdai, akamsamehe. Kofia aliyokuwa ameiacha tangu mwezi wa Februari akaitia sindano tena, akawa anashona nusu saa asubuhi baada ya kipimo cha saa mbili. Hakuimaliza. Duara ya juu ilitimia, na ukingo robo tatu.

Kuna usiku mmoja ambao bado unanisumbua. Shemeji alikuwa amechoka hata kusimama hawezi, na saa nne ya dawa ilikuwa imefika. Mwanawe yule wa tatu, ambaye alikuwa akilala miguuni pa babake tangu Ramadhani, akasema: "Mama, nipe ufunguo mimi nimpe." Shemeji akamtazama muda mrefu, kisha akasema hapana, akajikokota akafungua mwenyewe, akatia alama yake. Kijana hakusema kitu. Alikishika kikombe kikiwa kitupu, akakiosha. Mpaka leo sijui kama shemeji alifanya haki. Angempa na kukatokea jambo, ningesema alikosa. Nimewahi kumwuliza, akaniambia: "Hata mimi sijui, shemeji. Nilikuwa mama wa wawili usiku ule."

Kaka alifariki mwezi wa Julai 2018, mwisho wa mfungo mosi, saa kumi za alfajiri. Alikuwa amekunywa dawa yake saa sita. Dada yetu, yule aliyeiita sindano ya mwisho, ndiye aliyekuwa akimsomea Yasini, na ndiye aliyemtamkisha shahada. Anashuhudia, na mimi nashuhudia, kuwa aliitamka, kwa sauti ndogo, mara mbili.

Baada ya arubaini shemeji alilifungua sanduku. Chupa ilikuwa na dawa kidogo zaidi ya nusu, na alama za kalamu zimeshuka ubavuni mpaka usawa wa maji, hakuna hata moja iliyopishana. Dawa hiyo haimwagwi wala haiwekwi, hurudishwa. Akanipa niipeleke, na mwanawe akasema atanisindikiza. Tulikwenda kwa miguu. Kwenye lango la hospisi akasimama, akasema atangoja nje chini ya mkungu. Ndani, yule muuguzi aliyapima yale maji kwenye gilasi yenye mistari, akaandika katika daftari tarehe na kipimo, akanipa kalamu nitie sahihi, kisha akauliza kijana yu wapi. Nikamwambia. Akatoka nje mwenyewe, hata viatu vya ndani hakubadilisha, akaenda kumpa mkono wa tanzia.